Spesa za bei nafuu kwenye gari la 4x4: kinachoamua usalama wake hakionekani kwenye picha

Swali la spesa za magurudumu, yaani maduara ya metali yanayowekwa kati ya rimu na habu (kitovu cha ekseli ambacho gurudumu hufungwa juu yake) ili kulisogeza gurudumu nje, huulizwa kwa namna inayolifanya lisijibike: je, ni salama au si salama? Fundi mmoja atakuambia zinaua. Mwingine atakuonyesha gari lililopita nazo matope na mawe kwa miaka bila nati hata moja kulegea. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli. Kuna aina mbili za spesa, zinashika gurudumu kwa njia tofauti kabisa, na ndani ya kila aina zipo zilizotengenezwa kwa uangalifu na zipo zilizolipuliwa.

Bei ya chini peke yake si kosa. Duara la alumini lenye matundu si kitu kigumu kutengeneza, na kiwanda kinachozalisha kwa wingi kinaweza kuliuza rahisi bila kupunguza ubora. Shida ni kwamba mtengenezaji akitaka kubana matumizi, mahali pa kubania ni pale mnunuzi asipoweza kuona: aina ya metali, jinsi ilivyopitishwa kwenye moto, daraja la boliti, na usahihi wa tundu la katikati. Rangi nyeusi inayong'aa ni rahisi kupaka. Ndiyo maana picha nzuri haikuambii chochote.

Tuanze na jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Watu wengi huona boliti sita zinazochomoza kwenye habu na kudhani uzito wa gari unazitegemea zenyewe, kama ndoo iliyotundikwa kwenye msumari. Sivyo. Nati ikikazwa, boliti huvutika kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na mvuto huo ndio unaoubana uso wa rimu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba gari, breki na kona. Chukua boliti ya milimita 12, kama ya Hilux, uikaze kwa nyutonimita 110 hesi zikiwa safi na kavu: inabana kwa kilonyutoni 45 hivi, sawa na mzigo wa zaidi ya tani 4. Boliti sita kwa pamoja zinapita tani 25. Nguvu hiyo ikiwepo, boliti yenyewe haichezi. Ikipungua, nyuso zinaanza kuteleza kidogo kidogo, na boliti inaanza kupindwa huku na huku kila gurudumu linapozunguka.

Na linazunguka sana. Tairi la inchi 31 huzunguka takribani mara 400 kwa kila kilomita. Ukisafiri kilomita 2,500, boliti iliyolegea imeshapindwa mara milioni moja. Metali haihitaji pigo kubwa ili ikatike. Pigo dogo likirudiwa vya kutosha hufungua ufa, ufa unatembea, na siku moja boliti inakatika kwenye barabara tambarare kabisa. Ndiyo sababu ajali nyingi za namna hii humshangaza dereva: gari lilivuka mto na mawe salama, kisha gurudumu likachomoka likiwa njiani kurudi nyumbani. Kwa hiyo, unapoiangalia spesa yoyote ile, jiulize kwanza kama itaiacha nguvu ya kubana ibaki pale ilipo.

Aina ya kwanza ni bamba tupu. Linapachikwa juu ya boliti za habu, rimu inafuata, nati zinafungwa juu yake. Halina boliti zake, kwa hiyo kila milimita ya unene wake inaibwa kwenye urefu wa boliti za gari. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba nati ishike hesi kwa kina kisichopungua kipenyo cha boliti. Kwa boliti ya milimita 12 yenye hesi ya 1.5, yaani nati husogea milimita 1.5 kwa kila mzunguko, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Kwa ya milimita 14 yenye hesi hiyohiyo, ni zaidi kidogo ya 9. Unaweza kuhesabu mwenyewe kwa mkono, bila kifaa chochote, kuanzia nati inaposhika mpaka inapogusa rimu. Ikifika mizunguko mitano ikagota, usifunge. Bamba jembamba lililotengenezwa vizuri halina ubaya: Porsche wamewahi kuuza magari ya 911 yenye spesa za milimita 5 kama nyongeza ya kiwandani. Lakini bamba la milimita 15 au 20 kwenye boliti za kawaida za gari la 4x4 ni jambo ninalolikataa moja kwa moja, hata liwe la nani. Anayelitaka hana budi kubadilisha boliti zote za habu aweke ndefu, na hapo urahisi wa bei umeshapotea.

Aina ya pili ndiyo inayofungwa zaidi kwenye magari ya porini. Spesa inafungwa kwenye habu kwa nati zake, kisha rimu inafungwa kwenye boliti zilizoshindiliwa ndani ya spesa yenyewe. Kwa kawaida haipungui milimita 25, kwa sababu ikiwa nyembamba zaidi hakuna nyama ya kutosha kushika kichwa cha boliti kwa nyuma na kupokea nati kwa mbele. Hapa boliti za gari hazipotezi urefu wao. Badala yake unapata kiungo cha pili: palipokuwa na nati sita sasa ziko kumi na mbili, na sita kati ya hizo zimejificha nyuma ya rimu. Huwezi kuzikagua bila kuvua gurudumu. Nati hizo za ndani hukalia alumini, na alumini ni laini kuliko chuma, kwa hiyo hushuka kidogo katika safari za mwanzo na kupunguza mkazo. Hilo hutokea hata kwenye spesa nzuri.

Sasa tuje kwenye metali, maana hapa ndipo mnunuzi anapochezewa zaidi. Matangazo mengi huandika "6061" au "6061-T6". Namba 6061 inataja mchanganyiko: alumini iliyotiwa magnesi na silikoni. T6 inataja kilichofanywa baadaye, yaani kupashwa moto wa zaidi ya nyuzi 500 za selsiasi, kupozwa ghafla, kisha kuwekwa tena kwenye joto la wastani kwa saa kadhaa. Tofauti inayoletwa na moto huo ni kubwa mno. Alumini ya 6061 ikiwa laini, bila kupitishwa huko, huanza kupinda moja kwa moja kwenye mkazo wa megapaskali 55 hivi. Ikiwa T6, hufika karibu 275. Ni alumini ileile, yenye rangi na uzito uleule, na hata kifaa cha maabara kinachosoma mchanganyiko wa metali kitasoma 6061 kwa zote mbili, ilhali moja ina nguvu mara tano ya nyingine. Anayekuandikia 6061 bila herufi na tarakimu zinazofuata amekueleza nusu ya habari, tena nusu isiyo na uzito.

Ipo pia alumini iliyomiminwa kwenye kalibu. Hiyo ina nguvu ndogo kuliko iliyofuliwa au kukatwa kutoka pande zima la T6, na ndani yake hubaki vitundu vidogo vya hewa ambavyo ni mwanzo mzuri wa ufa. Hii unaweza kuitambua ukiwa makini. Geuza spesa, angalia ndani ya matundu ya boliti na kwenye kingo ambazo rangi haikufika. Iliyokatwa kwenye mashine ina mistari midogo ya duara inayofuatana kwa mpangilio. Iliyomiminwa huwa na uso wa chengachenga, pengine mshono wa kalibu ubavuni, pengine nukta nyeusi ndani ya tundu. Ukiziona nukta hizo, iache. Maneno "7075" yakiandikwa, hiyo ni alumini kali zaidi ikiwa imepitishwa kwenye moto ipasavyo, lakini haivumilii kutu vizuri kama 6061, na kwa gari linalooga matope na maji ya chumvi sioni kwamba ni lazima.

Boliti zilizoshindiliwa ndani ya spesa zinastahili mashaka kuliko alumini. Zinazofaa ni za daraja 10.9, na namba hiyo hupigwa kwenye kichwa cha boliti, upande unaotazama habu. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 inakupa mkazo wa kukatikia kwa megapaskali, yaani 1,000 hivi. Daraja 8.8 hukatika kwenye 800. Kama vichwa havina alama yoyote, chukulia kwamba aliyezitengeneza hakutaka kuwajibika. Halafu tazama zilivyokaa. Boliti hushikwa na meno madogo yaliyochongwa shingoni mwake, yanayojikita kwenye alumini. Kichwa kinapaswa kulala sawasawa na ukuta wa tundu lake pande zote. Nimeshika spesa mpya, kutoka kwenye boksi, ambayo boliti moja kati ya sita ilikuwa imeinama kiasi cha kupitisha ukucha upande mmoja wa kichwa. Boliti ya namna hiyo ikikazwa, itajivuta mpaka inyooke, na kila inapojivuta inalegeza nati ambayo fundi anaamini ameikaza.

Halafu kuna suala la kutosheana. Habu nyingi za magari haya zina ukingo wa duara katikati unaochomoza, na rimu ya kiwandani huvikwa juu yake bila nafasi. Spesa nzuri ina tundu linalouvaa ukingo huo kwa ndani, na yenyewe ina ukingo kama huo kwa mbele kwa ajili ya rimu. Spesa za bei ya chini hupenda kutumikia magari mengi kwa mkupuo. Mfano mzuri ni mpangilio wa boliti 6 kwenye duara la milimita 139.7, unaopatikana kwenye Hilux na Nissan Patrol pia. Habu ya Hilux ina kipenyo cha milimita 106.1, ya Patrol Y61 ni 110. Muuzaji akitoboa 110 anaweza kutangaza kwamba inaingia kwenye yote mawili, na kweli inaingia, ila kwenye Hilux inabaki na mwanya wa karibu milimita 2 kila upande. Kazi yote ya kuweka spesa katikati inabaki kwa nati zenye ncha ya koni, na ikikaa pembeni hata kwa nusu milimita usukani unatetemeka, na mtetemo huo unaanza kuchokoza boliti. Tena Hilux hutumia hesi ya 1.5 na Patrol ya 1.25, kwa hiyo hata nati haziwezi kuwa zilezile. Nati isiyo yake ikilazimishwa kwa mashine ya upepo itazunguka, itakaza, na itakuwa imeshakula hesi. Orodha ndefu ya magari kwenye tangazo moja ni sababu ya kuuliza maswali, wala si sifa.

Kipimo kingine husahaulika hata na mafundi wazoefu. Boliti za gari hupita ndani ya spesa, na zikiwa ndefu kuliko unene wake hutokeza upande wa mbele. Rimu nyingi za aloi za kiwandani zina vishimo nyuma vinavyozipokea. Rimu za chuma na baadhi ya rimu za kununua hazina, na hapo rimu inakalia ncha za boliti badala ya uso wa spesa. Nati zitakaza vizuri, kipimo cha mkazo kitaonyesha sawa, lakini hakuna nyuso zinazobanana. Kuhakikisha ni rahisi: paka grisi kidogo kwenye kila ncha ya boliti ya habu, funga gurudumu kwa mkono, lifungue, tazama nyuma ya rimu. Ukiona alama za grisi, spesa hiyo haifai na rimu hiyo mpaka boliti zipunguzwe au spesa nene zaidi ipatikane. Vilevile kagua kingo ya ndani ya spesa pale inapokutana na shina la ukingo wa habu. Shina hilo huwa na mviringo mdogo, na kama spesa haikukatwa kona yake kidogo, inapanda juu ya mviringo huo na haigusi uso wote.

Kuhusu beringi, nadhani spesa zinasingiziwa kidogo. Ni kweli kwamba ukisogeza gurudumu nje kwa milimita 30, mkono wa nguvu inayopinda habu unaongezeka kwa milimita 30, na beringi itachakaa mapema. Lakini rimu yenye ET 0 (ET ni milimita kati ya mstari wa katikati wa rimu na uso wake unaokalia habu; ikipungua, gurudumu husogea nje) hufanya jambo lilelile kabisa ukilinganisha na rimu yenye ET 30, na watu wengi wanaoziogopa spesa hufunga rimu za namna hiyo bila wasiwasi. Beringi haijui kama umbali umetokana na spesa au na umbo la rimu. Usukani nao ni hivyohivyo: utavutwa zaidi tairi moja likigonga jiwe, na tairi linaweza kusugua madigadi ukikata kona. Hizo ni gharama za kupanua gari, na hazitofautishi spesa mbovu na nzuri.

Faida nayo ipimwe kwa haki. Husemwa kwamba spesa zinazuia gari kupinduka. Tuseme gari lina upana wa milimita 1,500 kati ya magurudumu, na kitovu cha uzito kiko milimita 750 juu ya ardhi. Ukiweka spesa za milimita 30 kila upande, upana unakuwa 1,560, na uthabiti wa kusimama unaongezeka kwa asilimia 4. Unasaidia kwenye mteremko wa ubavu, ila ukipandisha springi na kuweka matairi makubwa kwa wakati mmoja umeshaurudisha wote. Yapo lakini mahitaji ya kweli. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizopata injini ya V8 zilipanuliwa mbele na kuachwa nyuma kama zilivyokuwa, kiasi kwamba magurudumu ya nyuma yako karibu zaidi kwa takribani milimita 95. Kwenye mchanga au matope magurudumu ya nyuma hayafuati njia iliyokwisha kukandamizwa na ya mbele, na gari linahangaika. Mwenye gari hilo ana sababu nzuri ya kutafuta upana nyuma. Hata hivyo, karibu milimita 50 kila upande ni nyingi, na kwa gari linalobeba mzigo mzito ningependelea rimu zenye ET inayofaa, au ekseli iliyopanuliwa, kuliko spesa ya unene huo. Ikibidi iwe spesa, hapa si mahali pa kutafuta ya rahisi.

Sheria hutofautiana. Ujerumani inataka hati ya ukaguzi au kibali, na mara nyingi mkaguzi lazima aone gari lenyewe likiwa limefungwa. Kwa sababu hiyo watengenezaji kama H&R na Eibach hutoa nyaraka zinazoeleza spesa gani inaenda kwenye gari gani na kwa mzigo gani. Nyaraka hizo zina faida hata kwa asiyeishi huko, maana zinaonyesha mtengenezaji makini anapaswa kujibu nini. Kule Australia mwongozo wa taifa wa kurekebisha magari, VSB 14, umekuwa ukizikataa spesa zisizotoka kiwandani. Bima nayo iulizwe kabla, kwani marekebisho yasiyotajwa yanaweza kuwa sababu ya kukataa kulipa.

Ufungaji ndio unaoharibu spesa nzuri na kuzimaliza zile za wastani. Uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kwa sababu ganda la kutu likisagika baadaye linaacha nafasi na nguvu ya kubana inashuka. Rangi nene kwenye nyuso zinazobanana hufanya vivyo hivyo. Spesa yenye tabaka nene la rangi ya unga ni ya kukataa, ile ya rangi nyembamba ya anodi, yaani tabaka linalooteshwa juu ya alumini kwa umeme, haina shida. Nati zikazwe kwa kuruka upande kwa upande, kwa toki renchi (spana inayopima mkazo), kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Mashine ya upepo isitumike kumalizia: inavuta boliti kupita kiasi bila mtu kujua. Dawa ya kuzuia nati kulegea itumike tu kama maelekezo ya spesa yanasema hivyo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, vua magurudumu yote na ukaze nati za ndani upya, kisha zile za nje. Mwenye gari asiye tayari kulivua gurudumu ili azifikie nati zilizofichika, bora asizifunge kabisa.

Baadaye, kila unapozungusha matairi au kutoka safari ngumu, tafuta unga. Chuma kinachosuguana na chuma huacha vumbi la rangi ya kutu kuzunguka nati. Alumini inayosuguana huacha unga mweusi au wa kijivu. Popote unapouona pana kitu kinachoteleza, hata kama nati bado ni ngumu mkononi. Sauti ya kugonga taratibu inayoongezeka na mwendo, au usukani ulioanza kutetemeka bila tairi kupata jeraha, ni ya kusimama hapohapo. Na kama gurudumu liliwahi kutembea likiwa limelegea, hata kwa umbali mfupi, usikaze tu ukaendelea na shughuli zako. Boliti zote za habu hiyo zimeshapindwa, ikiwa ni pamoja na zile zinazoonekana nzima, na ufa wake hauonekani kwa macho. Badilisha seti yote ya upande huo, tupa spesa ile, na kagua matundu ya rimu kama yamekuwa ya yai kabla ya kuifunga tena.